Maswali ya Wasomaji: Maumivu Yameisha, Je, Jeraha Limepona?

Barua tulizochagua safari hii zinatoka kwa wachezaji wa michezo tofauti, lakini karibu zote zinataka jambo moja: maumivu yaondoke upesi. Kwa majeraha mengi hilo ni jambo rahisi. Kazi ngumu ni kuirudishia nyama, kano au mfupa uwezo wa kubeba mzigo wa mchezo, na kazi hiyo mara nyingi huanza pale maumivu yanapoisha.

Nimeteguka enka nikitua baada ya kupiga mpira wa kichwa. Mmoja ananikanda kwa maji ya moto, wa pili anasema barafu, wa tatu anasema nisiweke kitu. Nimsikilize nani? Na je, ni lazima nipige eksirei? — Beki wa kulia

Tuanze na eksirei. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ambayo hadi leo inatumika duniani kote, nawe unaweza kuifuata kwa vidole vyako. Bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa unaochomoza kwenye kifundo, upande wa nje na wa ndani, kuanzia nchani kwenda juu sentimita 6. Kisha shuka kwenye wayo: bonyeza fundo la mfupa lililo katikati ya ukingo wa nje, kwenye kitako cha mfupa unaoelekea kidole kidogo, halafu mfupa wa upande wa ndani ulio mbele kidogo ya kifundo. Mwisho, jaribu kupiga hatua 4, hata kwa kuchechemea. Ikiwa mfupa unauma unapobonyezwa mahali pamojawapo kati ya hapo, au hukuweza kupiga hatua hizo 4 pale ulipoumia na hata sasa huwezi, nenda ukapige picha. Vinginevyo uwezekano wa kuwa umevunjika ni mdogo sana. Kanuni hii isitumike kwa mtoto mdogo, kwa mlevi, wala kwa mwenye ganzi miguuni, mathalani kutokana na kisukari.

Sasa barafu. Ushauri wa kupumzika, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua mguu ulienezwa mwaka 1978 na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe aliurekebisha, akisema barafu inaweza kuchelewesha uponaji. Hoja yake ni kwamba uvimbe unaletwa kwa sehemu na seli za kinga zinazokuja kuondoa tishu zilizokufa na kuita zile za kujenga. Ukizizuia kwa nguvu, unazuia mafundi kuingia kazini. Kwa maoni yetu, barafu ni dawa ya maumivu tu. Iweke dakika 10 hadi 15 juu ya kitambaa, kamwe si juu ya ngozi tupu, katika siku moja au mbili za mwanzo, kama maumivu yanakunyima usingizi. Maji ya moto na kukanda kwa nguvu viache kwa siku 3 za kwanza, kwa kuwa mishipa midogo ya damu iliyopasuka bado inavuja. Kinachosaidia uvimbe ni bendeji ya kuvutika, ikifungwa kuanzia karibu na vidole kupanda juu, na kulala mguu ukiwa juu ya usawa wa moyo. Vidole vikianza kupata ganzi au kubadilika rangi, umekaza mno.

Wengi hukosea baadaye. Wiki mbili zikipita, uvimbe umeshuka, mchezaji anavaa viatu. Kumbe ligamenti (mkanda unaounganisha mfupa na mfupa) ya mbele ya upande wa nje, ambayo ndiyo hukatika mara nyingi zaidi mguu unapopinduka kwa ndani, haijawa imara, na vihisio vinavyouambia ubongo kwamba mguu unaanza kupinduka bado havifanyi kazi vizuri. Utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2009 ulifuatilia wanamichezo 522 waliotoka kuteguka. Waliofanya mazoezi ya mizania nyumbani kwa wiki 8, mara 3 kwa wiki, waliteguka tena kwa asilimia 22 ndani ya mwaka mmoja. Wasiofanya, asilimia 33. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30. Ukiweza bila kuyumba, fumba macho. Ukiweza hilo pia, simama juu ya mto, kisha dakia mpira ukiwa hapo hapo. Kwa msimu wote unaofuata, vaa kikinga kifundo unapocheza.

Nimechanika nyama za nyuma ya paja mara tatu kwa mwaka mmoja, pale pale. Kila mara napumzika wiki tatu, maumivu yanaisha, narudi, inakatika tena. Tatizo ni nini? — Winga

Tatizo ni hizo wiki tatu za kupumzika. Unapokimbia kwa kasi kubwa, muda mfupi kabla mguu haujagusa chini, nyama za nyuma ya paja zinafanya kazi mbili kwa pamoja: zinarefuka, na zinaufungia breki ugoko unaorushwa mbele. Hapo ndipo zinapochanika, hasa ile ya upande wa nje. Kupumzika kunaondoa maumivu, lakini kunaiacha nyama ikiwa dhaifu zaidi katika hali ile ile ya kurefuka. Ukirudi, unaipa kazi iliyoishinda ilipokuwa nzima.

Mwaka 2013 watafiti wa Sweden waliwagawanya kwa kura wanasoka 75 waliochanika paja. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuitumia nyama ikiwa imerefuka. Lingine mazoezi ya kawaida. La kwanza lilirudi kwenye mazoezi kamili ya timu kwa wastani wa siku 28, la pili siku 51. Mojawapo ya mazoezi hayo linaanza siku chache tu baada ya kuumia: lala chali, shika paja kwa mikono miwili likiwa limesimama wima, nyoosha goti taratibu hadi karibu na pale maumivu yanapoanza, kisha rudisha. Fanya seti 3 za mara 12, asubuhi na jioni.

Ukishapona, kinga yako ni zoezi linaloitwa Nordiki. Piga magoti juu ya kitu laini, mwenzako akushikilie visigino visinyanyuke. Kutoka magotini hadi mabegani uwe mstari mmoja. Jiachie mbele polepole, ukijizuia kwa nyama za paja mpaka zishindwe, ujipokee kwa mikono, kisha jisukume kwa mikono hiyo hiyo kurudi juu. Ukikunja kiuno, mzigo unahama, na zoezi linakuwa bure. Mpango uliopimwa ni huu: wiki ya 1, siku moja tu, seti 2 za mara 5, wiki ya 2, siku mbili, seti 2 za mara 6, wiki ya 3, siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8, wiki ya 4, siku tatu, seti 3 za mara 8 hadi 10, kuanzia wiki ya 5 hadi ya 10, siku tatu, seti za mara 12, 10 na 8. Kwa mpango wa aina hii, katika utafiti wa Denmark wa mwaka 2011 uliohusisha wachezaji 942, kundi lililofanya zoezi lilipata majeraha 15 ya paja, lisilofanya, 52.

Mbona basi timu nyingi bado zinachanika? Kwa sababu hazilifanyi. Kocha analianzisha kwa seti 3 za mara 12 siku ya kwanza, kesho yake wachezaji hawawezi kuchuchumaa, keshokutwa zoezi limefutwa. Anza kidogo, na lifanywe mwisho wa mazoezi, si mkesha wa mechi.

Kiwiko kinaniuma upande wa nje kwa miezi miwili kutokana na tenisi. Nimeambiwa sindano moja ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, itanimaliza tatizo. Rafiki yangu mwenye maumivu ya kano ya kisigino naye ameshauriwa sindano ya plasma, yaani majimaji yanayochujwa kutoka kwenye damu yake mwenyewe. Mnasemaje? — Mchezaji wa ridhaa

Sindano ya steroidi itakufurahisha kwa mwezi mmoja. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Australia wa wagonjwa 165 wenye tatizo kama lako. Katika wiki ya 4 waliochomwa steroidi walikuwa mbele. Baada ya mwaka, waliopona au kupata nafuu kubwa walikuwa asilimia 83, dhidi ya asilimia 96 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Maumivu yaliwarudia asilimia 54 ya wa kwanza na asilimia 12 ya wa pili. Kano yenye maumivu ya muda mrefu haina moto wa kuzimwa. Nyuzi zake zimevurugika mpangilio, na steroidi haizipangi.

Plasma kwa kano ya kisigino imepimwa pia. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021, wenye watu 240, ulilinganisha sindano moja ya plasma na sindano ya kuigiza. Baada ya miezi 6 hapakuwa na tofauti. Rafiki yako atunze fedha zake.

Kinachozipanga nyuzi ni mzigo mzito, wa polepole, wa kurudiwa. Kwa kano ya kisigino, mpango uliojulikana zaidi ni wa daktari Håkan Alfredson wa Sweden, wa mwaka 1998. Simama kwenye kingo ya ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo. Panda kwa mguu mzima, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, shuka taratibu hadi kisigino kipite chini ya kingo. Seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, seti 3 za mara 15 goti likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Ikiwa rahisi, beba begi lenye uzito. Asiyeweza ratiba hiyo afanye mazoezi mazito ya polepole mara 3 kwa wiki: utafiti wa mwaka 2015 ulikuta matokeo yanalingana. Kama maumivu yapo pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, asishuke chini ya usawa wa ngazi, kwani hapo kano hubanwa dhidi ya mfupa.

Maumivu wakati wa zoezi yanaruhusiwa hadi 5 kwa kipimo cha 10, mradi kesho asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Na muulizeni daktari kama dawa mnazotumia zina siprofloksasini au ndugu zake: jamii hiyo ya antibiotiki inajulikana kudhoofisha kano.

Ligamenti ya mbele ya goti imekatika. Nina miaka 22. Nikikataa upasuaji ndiyo mwisho wa michezo? — Dada wa mpira wa mikono

Hapana, dada. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2010 uliwagawa watu 121 wenye miaka 18 hadi 35: wengine walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi ya tiba, upasuaji ukibaki kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka 2 hali ya magoti ililingana. Baada ya miaka 5, karibu nusu ya kundi la pili walikuwa bado hawajapasuliwa. Lakini mchezo wako ni wa kukata kona na kutua, na goti linalochomoka mara kwa mara huharibu pedi za ndani. Likiendelea kuchomoka baada ya miezi kadhaa ya mazoezi mazito, upasuaji una maana. Goti lililokwama lisilonyooka halisubiri. Liende kwa mtaalamu sasa.

Ukipasuliwa, usirudi kabla ya miezi 9. Utafiti wa Norway wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja hadi kufika wa 9 ulipunguza kuumia upya kwa takriban nusu. Kalenda peke yake haitoshi: nguvu ya nyama za mbele ya paja, na umbali wa kuruka kwa mguu mmoja, vifike angalau asilimia 90 ya mguu mzima. Kati ya waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38 waliumia tena. Waliofaulu, chini ya 6.

Mwanangu aligongana kichwa, hakuzimia, baada ya dakika tano akasema yuko sawa. Kocha akamrudisha uwanjani. Alikosea? — Mama wa mchezaji

Alikosea, mama. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Anayeshukiwa hachezi tena siku hiyo. Akitapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yakizidi, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au shingo ikiuma, ni hospitali mara moja.

Kama hakuna hayo, apumzike kiasi kwa saa 24 hadi 48, skrini zikipunguzwa, lakini asifungiwe gizani. Kisha apande ngazi, kila moja isipungue saa 24: shughuli za kawaida, kutembea au baiskeli taratibu, mazoezi ya mchezo akiwa peke yake, mazoezi ya timu bila kugusana, mazoezi kamili baada ya daktari kuruhusu, ndipo mechi. Masomo yarudi kikamilifu kabla ya mechi. Picha ya kichwa iliyo safi haimpi ruhusa, kwani mtikisiko kwa kawaida hauonekani humo.

Naongeza umbali kwa asilimia 10 kila wiki na nanyoosha viungo kabla ya kukimbia, bado ugoko unauma. — Mkimbiaji mpya

Yote mawili yana sifa kuliko ushahidi. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2008 wa wakimbiaji wapya 532 ulikuta kwamba mtu 1 kati ya 5 aliumia, awe ameongeza kwa asilimia 10 au kwa programu ya kawaida. Kunyoosha viungo kabla ya mazoezi nako hakukuwakinga wanajeshi wapya 1,538 wa Australia mwaka 2000.

Kwako muhimu ni kubonyeza mfupa wa ugoko. Ukiuma kwa urefu wa sentimita kadhaa na kupoa ukishapata joto, punguza umbali, imarisha nyama za mguu wa chini, endelea. Ukiuma mahali padogo kama ncha ya kidole, ukazidi kadiri unavyokimbia, hata usiku ukauma, acha kukimbia: huenda mfupa una ufa. Eksirei ya wiki mbili au tatu za kwanza inaweza isiuonyeshe, kwa hiyo omba kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kabla ya kuambiwa uko salama.