Kiti Kimoja, Abiria Wawili

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Naandika programu ya kukatia tiketi kwa kampuni ndogo ya mabasi ya Gulu–Kampala, kwa lugha ya Java. Idadi ya viti vilivyobaki iko kwenye kigeu kimoja, na kila tiketi ikikatwa naandika nafasi-- (punguza moja). Nilipojaribu thredi nyingi kwa pamoja (yaani kazi zinazoenda sambamba ndani ya programu moja), tiketi zilizokatwa zilizidi viti vilivyopungua. Rafiki akaniambia niongeze volatile, haikusaidia. Nikahamia AtomicInteger: kwanza naangalia kama nafasi.get() ni zaidi ya 0, kisha naita decrementAndGet(). Sasa hesabu inakubali, lakini mara mojamoja inafika hasi moja, yaani kiti kimoja wamekinunua watu wawili. Je, hizi atomiki hazifanyi kazi? — O., Gulu

JIBU: Ndugu O., zinafanya kazi, na ile kazi uliyozipa zimeimaliza. Ulikuwa na matatizo mawili, moja limekwisha.

Tuanze na nafasi--. Kwa jicho ni amri moja, lakini kwa prosesa ni hatua tatu: kusoma thamani kwenye kumbukumbu, kutoa moja, kuandika jibu. Tuseme viti vimebaki 40. Thredi ya kwanza inasoma 40. Kabla haijaandika, ya pili nayo inasoma 40. Ya kwanza inaandika 39, ya pili inaandika 39. Tiketi mbili zimetoka, kiti kimoja tu kimepungua, na programu haijalalamika hata kidogo. Hitilafu ya namna hii naiogopa kuliko ile inayozima programu, kwa sababu hungoja wakati wa msongamano. Ofisini kwako itakaa kimya, kisha wiki ya Krismasi, watu wanaporudi kaskazini kwa wingi, ndipo itajitokeza.

Volatile aliyokushauri rafiki yako inahakikisha kwamba kilichoandikwa na thredi moja kinaonekana na nyingine. Pia inazuia namba ya aina ya long, yenye biti 64, isiandikwe vipande viwili vya biti 32, jambo ambalo Java inaliruhusu kwa long ya kawaida. Lakini hatua tatu zinabaki tatu.

AtomicInteger, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004, ndiyo inayozifunga hatua hizo kuwa tendo moja lisilogawanyika. Thredi nyingine itaona 40 au itaona 39, haiwezi kuingia katikati. Nguvu hiyo inatoka kwenye prosesa yenyewe. Katika familia ya x86, yaani prosesa za Intel na AMD, amri hupewa kiambishi kinachoitwa LOCK, na kiini (sehemu ya prosesa) kinachoitekeleza hushikilia ule mstari wa kache, yaani kipande cha kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, kwa kawaida baiti 64, mpaka kimalize. Kiini kingine kikiutaka mstari huo, kitangoja.

Sasa njoo kwenye hasi moja yako. Kimebaki kiti kimoja. Thredi ya kwanza inauliza: ni zaidi ya 0? Ndiyo. Ya pili inauliza vilevile: ndiyo. Ya kwanza inatoa, inabaki 0. Ya pili inatoa, inakuwa -1. Kuuliza kwako ni atomiki, kutoa kwako ni atomiki, lakini kati yake umeacha pengo, na kiti kimeuzwa mara mbili ndani ya pengo hilo. Wanafunzi wangu wa jioni hapa Wandegeya hulikosa hili kila muhula: huweka Atomic kwenye kila kigeu, wakaamini programu nzima imekuwa salama. Matendo mawili ya atomiki yakifuatana hayawi tendo moja.

Kuuliza na kutoa lazima viende pamoja, hivi:

int n;
do {
  n = nafasi.get();
  if (n == 0) return false;
} while (!nafasi.compareAndSet(n, n - 1));
return true;

compareAndSet inasema: kama thamani bado ni n niliyoiona, weka n - 1, kama imebadilika, usiguse kitu, niambie. Ukiambiwa imebadilika, unarudi kusoma upya. Amri ya namna hii ilikuwamo tayari kwenye kompyuta kubwa za IBM System/370 miaka ya 1970, na mwaka 1991 mwanasayansi wa kompyuta Maurice Herlihy alithibitisha kwamba kwa kutumia amri hiyo thredi zozote, hata ziwe nyingi kiasi gani, zinaweza kukubaliana bila kufuli (yaani bila moja kuzifungia nyingine nje), jambo ambalo kusoma na kuandika kwa kawaida hakuliwezi. Ukiona msimbo huo unakuchanganya, tumia synchronized, kufuli la Java linaloruhusu thredi moja tu kwa wakati mmoja. Kwangu mimi, kufuli unalolielewa ni bora kuliko atomiki usiyoielewa.

Lakini kwa kazi yako halisi, nakusihi usiishie hapo. AtomicInteger inaishi kwenye kumbukumbu ya programu moja. Ukiwa na seva mbili, moja ya Gulu na moja ya Kampala, kila moja ina hesabu yake, na umeme ukikatika zote zinapotea. Iache hifadhidata ifanye kazi hiyo:

UPDATE safari SET nafasi = nafasi - 1 WHERE id = 17 AND nafasi > 0;

Kisha tazama mistari mingapi imebadilika. Ikiwa 1, umeuza. Ikiwa 0, basi limejaa. Kama unauza kwa namba ya kiti, weka sharti kwamba safari na kiti kwa pamoja visijirudie. Na shika kiti kwanza, ndipo uombe malipo ya simu. Malipo yakikataliwa, kirudishe. Ukitoza kwanza, kuna mama mwenye mtoto mgongoni ambaye shilingi zake zimekwisha kukatwa, na atasimama tangu Kampala mpaka Karuma.

Ukimaliza, weka viti 50, anzisha thredi 200, kila moja ikate tiketi moja. Ziuzwe 50 kamili, na 150 zikataliwe. Rudia jaribio hilo mara nyingi, tena kwenye mashine yenye viini vingi. Ikitoka 51 hata mara moja, nitumie msimbo wote wa sehemu ya kukata tiketi, si mstari mmoja.