Kabla hujafunga pangaboi kwenye karakana ya nyumbani

Hapa Mtwara kazi ya useremala ina jambo moja ambalo anayeanza huligundua mwaka wa kwanza: oda na joto huja pamoja. Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba na fedha zikaanza kuingia vijijini, watu wanakumbuka milango, vitanda na makabati waliyoyaahirisha tangu masika. Miezi hiyohiyo upepo wa kusi umeshakata, mvua bado haijashika, na chini ya bati hakukaliki. Ndipo vijana waliofungua karakana uani kwao huniuliza: fundi, ninunue pangaboi la inchi ngapi?

Mimi huwauliza kwanza: mbao yako ndefu kuliko zote unaigeuzia wapi?

Swali hilo nimelinunua kwa hasara. Karakana yangu ya kwanza ilikuwa chumba cha uani, mita 4 kwa 5, na nilifunga pangaboi la inchi 56 katikati kabisa, vile ambavyo ningelifunga sebuleni. Wiki ya pili nilikuwa nageuza ubao wa mninga wa futi 12 ili niurudishe kwenye randa kwa upande wa pili. Ncha ikapanda, pangaboi likiwa kwenye namba ya mwisho. Panga moja lilikunjika pale linaposhikwa na skrubu, ubao ukarudi kwa nguvu ukanipiga begani, na kijana aliyekuwa ameshika upande wa pili akachanika juu ya nyusi. Alishonwa, akapona, na bado tunafanya kazi pamoja. Kovu lake nikiliona najua kosa lilikuwa la mpangilio wangu, maana pangaboi lenyewe lilikuwa zima.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, chukua chaki na ubao wako mrefu. Tembea nao kutoka mlangoni hadi kwenye mashine, ugeuze, uuinamishe, uutoe, kama unavyofanya siku ya kazi, na mwenzako achore sakafuni kila mahali ncha inapopita. Ukimaliza utaona sehemu ambayo mbao haifiki. Mara nyingi ni juu ya meza ya kuungia na kupigia msasa, na kwa bahati nzuri hapo ndipo unaposimama muda mrefu kuliko popote. Pangaboi likae hapo, hata kama ni pembeni ya chumba na halipendezi kwa macho. Upepo unaupeleka kwenye jasho lako. Katikati ya chumba hakuna anayeuhitaji.

Na jasho siyo suala la kustarehe tu. Tone moja likidondokea mninga uliokwisha kupigwa msasa laini, nyuzi za mbao pale husimama. Ukipitisha vanishi bila kuliona, kesho yake kuna alama ya duara yenye ukwaruzo, na unaanza upya.

Sasa urefu. Kanuni ya usalama inayotumika sehemu nyingi duniani ni mapanga yasishuke chini ya mita 2.3 kutoka sakafuni. Kwa karakana mimi naona hiyo haitoshi, nataka mita 2.5 au zaidi. Upande wa juu nako acha sentimita 30 hadi 40 kati ya mapanga na dari, kwa sababu pangaboi hunyonya hewa kutoka juu na pembeni kabla ya kuishusha. Likibanwa na dari linazunguka kwa kelele na upepo hauji. Fanya hesabu: ukuta wa nyumba zetu nyingi ni mita 3, toa 0.4, umebaki na 2.6. Hapo unaweza. Dari yako ikiwa mita 2.6, ukitoa hiyo 0.4 umebaki na 2.2, na hapo nakuambia wazi usifunge pangaboi. Nunua feni ya ukutani na uiweke nyuma ya meza. Wako watakaokuambia ukate bomba la pangaboi liwe fupi, usikubali.

Ukubwa ndio watu wanaoanza nao, lakini kwangu unakuja wa tatu. Inchi 48 ni mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, inchi 56 ni mita 1.4. Tofauti inaonekana ndogo, ila duara la inchi 56 lina eneo kubwa zaidi kwa asilimia 36 hivi. Kubwa likizunguka polepole linatoa upepo mpana na laini, na huo ndio tunaoutaka karakana. Dogo likizungushwa kwa kasi linapiga sehemu moja na kurusha maranda. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinatosha inchi 48. Mita 4 kwa 5, weka 56. Chumba kirefu cha mita 8 kinataka mawili madogo, kila moja na swichi yake, ili uwashe lile la mahali ulipo. Yale mafeni makubwa ya viwandani, ya mita 3 hadi 7, yanahitaji paa la ghala, yaache huko.

Dukani usivutwe na rangi wala maua ya dhahabu kwenye kofia ya mota. Omba boksi usome namba mbili: wati, na meta za ujazo za hewa kwa dakika. Gawanya hewa kwa wati. Mapangaboi mengi ya kawaida yatakupa 3 au 4 kwa kila wati moja. Yenye mota isiyo na brashi, zile zinazoandikwa BLDC, yanafika 6 au 7. Pangaboi la wati 75 likiwaka saa 9 kwa siku, siku 26 za mwezi, linakula uniti 17 na nusu. La wati 30 linakula 7. Ikiwa karakana inatumia LUKU moja na nyumba, na nyumba iko kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi, hizo 10 unazookoa zinaweza kukufanya usitoke kwenye bei nafuu.

Kuna sababu nyingine ya kupenda mota hizo. Umeme ukishuka, mota ya kawaida inapoteza nguvu haraka kuliko umeme wenyewe: badala ya volti 230 ukipata 184, nguvu yake ya kuzungusha inabaki kama asilimia 64. Utaliona jioni, watu wakiwasha kila kitu, pangaboi linazunguka kivivu. Nyingi za BLDC zinavumilia hali hiyo bila kupungua mwendo. Zinakuja na rimoti yake, na usizifunge kwenye regyuleta ya ukutani. Utaua saketi yake siku ya kwanza. Kama mfuko hauruhusu, chukua la kawaida lenye mota nzito na regyuleta ya kielektroniki, utafanya kazi vizuri tu.

Hapa sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapotea. Karakana nyingi za uani hazina dari, ni kenchi na bati juu. Panda ngazi saa nane mchana mwezi wa Novemba, nyosha mkono karibu na bati, kisha ushushe hadi kifuani. Ile hewa ya juu ndiyo pangaboi litakayoivuta na kukumwagia kichwani. Pangaboi halipoozi hewa, linakausha jasho. Hewa ikiwa ya moto mno, msaada wake unapungua. Nilikaa msimu mzima nikilaumu pangaboi kumbe tatizo lilikuwa paa. Toboa matundu juu kabisa ya kuta za pembeni, pande mbili zinazotazamana, uweke wavu, joto lipate pa kutokea. Halafu piga dari, hata ya plaiwudi nyembamba juu ya meza tu. Fedha zikitosha kitu kimoja kati ya dari na pangaboi la bei, piga dari na ununue pangaboi la kawaida. Na dirisha la upande wa kusini mashariki usilizibe kwa rafu za mbao, maana kuanzia Mei hadi Septemba kusi litakufanyia kazi bure.

Vumbi haliondolewi na pangaboi, linazungushwa. Kazi ya msumeno wa meza na mashine ya msasa ifanyike barazani au mlangoni, ukiwa na barakoa, pangaboi limezimwa. Vanishi nayo: zima, funika, subiri vumbi litue, ndipo upake. Ukitumia thina ndani, usiguse swichi wala regyuleta mpaka harufu iishe, kwa sababu cheche ndogo ya swichi inatosha kuwasha mvuke ule.

Taa usiiweke juu ya mapanga. Kivuli kinakatakata mwanga juu ya meza na macho yanachoka kabla ya adhuhuri, na diski ya msumeno inayozunguka chini ya mwanga unaopepesa inaweza kuonekana kama imesimama. Weka taa pembeni, chini kidogo ya mapanga au mbali nayo.

Kuning'iniza, tafuta fundi umeme anayejulikana, lakini simama naye. Ndoano ishikwe na kenchi au mbao ya mbili kwa sita iliyolazwa juu ya kenchi mbili, kamwe isishikwe na jipsamu wala ubao wa dari. Bolti ya juu iwe na pini ya kuizuia isichomoke, na uongeze waya wa chuma unaofunga mota kwenye kenchi, ili bolti ikikatika pangaboi libaki juu. Waya wa ethi uunganishwe, wengi wanaukata. Mapanga matatu ya boksi moja yamepimwa uzito pamoja, usichanganye na ya boksi jingine. Likiyumba, pima kwa rula kutoka ncha ya kila panga hadi dari. Lililo tofauti ndilo lililopinda.

Kwa walio Shangani, Mikindani au Lindi karibu na maji, chumvi inakula chuma bila huruma. Chagua mapanga ya alumini, na skrubu zipakwe grisi kidogo siku ya kufunga. Mapanga ya mbao za kubandika hunyonya unyevu wa masika, yanavimba.

Baada ya mwaka mmoja au miwili pangaboi la kawaida litaanza kuvuma bila kuzunguka, mpaka ulisukume kwa fimbo. Usikimbilie kununua jipya. Ndani ya kofia kuna kapasita ndogo, mara nyingi ya maikrofaradi 2.5. Zima umeme kwenye breka, fundi aibadilishe kwa nyingine ya namba ileile. Nami nikiwa nimepanda ngazi kwa kazi hiyo, mwishoni mwa Septemba kabla oda hazijaanza, nafuta mapanga kwa kitambaa chenye maji, nakaza skrubu moja moja, natazama pini, kisha naliwasha namba moja na kusimama mlangoni nikisikiliza.