Madoa meupe kwenye gari lenye seramiki
Kaka, hukutapeliwa. Unasema gari ni jeusi, limepakwa seramiki, ule utando mgumu wa kulinda rangi, mwezi uliopita, na kila ukiliosha kwa maji ya kisima hapo Buswelu, Mwanza, linabaki na viduara vyeupe. Seramiki haizuii hilo. Inafanya maji yasimame vitone vitone badala ya kutandaa, na jua la saa saba likivikausha, maji yanageuka mvuke, chokaa iliyomo inabaki palepale, kama ule ukoko ndani ya birika la chai.

Changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba, kilaze juu ya doa dakika moja hivi, gari likiwa kivulini na bodi imepoa. Isikaukie hapo. Suuza, futa. Doa likigoma, limeshakula seramiki. Hapo ni polishi, na polishi inaondoka na seramiki yenyewe, kwa hiyo muone fundi kwanza.

Kuanzia sasa osha asubuhi na ukaushe papo hapo. Maji ya bomba, kwa kuwa yanatoka Ziwa Victoria, chokaa yake ni kidogo kuliko ya visima vingi. Ila usilipeleke gari kuoshea ufukweni mwa ziwa. Yale mafuta ya gari yanayoingia ziwani tunakuja kuyanywa sisi.