Usivunje Sakafu Kabla ya Kutazama Kabati

Mhariri, swali lenu la wiki hii ndilo ninaloulizwa karibu kila nyumba ninayoingia na brashi. Msomaji wa Njiro, Arusha, anasema sakafu ya jiko lake ni marumaru za krimu zenye mistari ya kahawia, kaunta ni granaiti ya kijivu, kabati ni za mninga zilizopigwa vanishi, na kila akiingia jikoni anaona vitu vinagombana. Anauliza avunje kipi, sakafu au kaunta. Mimi ni fundi rangi hapa Moshi, na ningemsihi asivunje chochote kwa sasa.

Dada yangu, pole sana, na hauko peke yako. Wengi wetu tunajenga kwa awamu. Marumaru zinawekwa mapema ili familia ihamie, kaunta inasubiri mkopo wa saccos, na fedha ikipatikana mtu anakwenda kuchagua jiwe huku rangi ya sakafu ikiwa kichwani tu. Kichwa hakitunzi rangi. Krimu unayoikumbuka si krimu iliyoko nyumbani.

Kwa hiyo anza hivi. Chukua marumaru moja iliyobaki stoo, tandika karatasi nyeupe juu ya kaunta, iweke hapo, halafu tazama. Juu ya karatasi nyeupe krimu inajisema yenyewe: ina unjano kwa mbali, au uwaridi, au hata ukijani. Tazama na jiwe vilevile. Kijivu kimoja kina ubuluu ndani yake, kingine kina ukahawia. Krimu ya njano na kijivu cha ukahawia vinaelewana bila shida. Krimu ya waridi na kijivu cha buluu ndipo kazi ilipo.

Fanya hivyo mchana na urudie usiku, maana taa inadanganya sana. Soma boksi la balbu yako. Balbu nyingi tunazouziwa zimeandikwa 6500K, mwanga mweupe wenye ubuluu, na chini yake kijivu kinazidi kuwa baridi na krimu inaonekana kama imechakaa. Weka ya 4000K, au 3000K kama unapenda mwanga wa njano, kisha uangalie tena. Nimeona majiko yaliyotulia kwa balbu tu. Na kwenu Arusha kumbuka kwamba Juni na Julai, mawingu yakikaa juu ya mji hadi karibu mchana, hata mwanga wa dirishani ni wa kijivu. Usiamue jambo kubwa katika miezi hiyo.

Sasa nije kwenye kabati, kwa sababu naamini shida kubwa iko hapo. Karne ya 19 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zinaonekana zimefifia. Akachunguza, akakuta dawa ya rangi haina kasoro. Weusi ulikuwa unabadilishwa machoni na rangi zilizolala kando yake. Mwaka 1839 akachapisha maelezo yake, na mafundi rangi tunayategemea mpaka leo. Rangi mbili zinazopingana zikikaa jirani, kila moja inaikuza nyenzake. Mninga wenyewe ni wa kahawia mzuri, lakini vanishi ya mafuta inavyozeeka inageuka njano, na mbao zinaanza kuelekea chungwa. Chungwa na buluu ni wapinzani. Weka kabati la aina hiyo chini ya granaiti ya kijivu chenye ubuluu, jiwe litazidi ubuluu na mbao zitazidi uchungwa. Sakafu inalaumiwa bure.

Unaweza kulihakiki hili leo bila kutumia hata shilingi. Funika milango yote ya kabati kwa mashuka meupe, simama mlangoni, tazama sakafu na kaunta bila mbao katikati. Ugomvi ukipungua, umempata mwenye kosa.

Ukishajua hilo, inamisha uso mpaka karibu kabisa na jiwe. Granaiti haina rangi moja. Utaona chembe nyeusi zinazometa, hizo mara nyingi ni maika. Chembe zinazong'aa kama kioo, hiyo ni kwatzi. Na chembe za maziwa, nyingine za krimu, hiyo ni feldspa. Ile ya maziwa ndiyo inayofanana na sakafu yako. Nenda na kipande cha jiwe dukani wakuchanganyie rangi ya chembe hiyo, uipake ukuta wote ulio kati ya kaunta na kabati za juu. Sakafu na kaunta zitakuwa na ndugu mmoja anayezihusu zote mbili. Ukuta huo uwe wa rangi moja tupu. Sakafu ina mistari, jiwe lina madoa. Zile marumaru za ukutani zenye picha za vikombe na zabibu zitaongeza fujo ya tatu. Waachie wenye sakafu isiyo na michoro.

Grauti nayo, ile saruji laini inayojaza nafasi kati ya marumaru, isisahaulike. Grauti nyeupe kwenye sakafu ya krimu, kwa vumbi letu la kiangazi, haikai nyeupe. Fundi aikwangue na kujaza ya kijivu chenye ukahawia. Mistari hiyo myembamba inapita sakafu nzima, hivyo inaipeleka kidogo upande wa kaunta, kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na kuvunja.

Bado unataka kubadilisha kimoja? Basi sakafu iwe ya mwisho kabisa. Mara nyingi imeendelea hadi sebuleni, na ukibandika mpya juu ya ya zamani inapanda sentimita moja au zaidi, milango ikatwe chini na kizingiti kiwe cha kujikwaa. Kaunta ni eneo dogo, ila granaiti iliyogandishwa juu ya slebu ya zege mara nyingi inavunjika ikibanduliwa, kwa hiyo usitegemee kuiuza. Na tafadhali usikimbilie jiwe jeupe. Jiko linalomenya ndizi za mtori lina utomvu, na utomvu ukikauka unageuka mweusi. Dondoshea maji jiwe lolote kabla ya kulinunua: pakigeuka peusi ndani ya dakika chache, linakunywa, na utomvu litaunywa pia. Hicho kijivu chako kinakufaa kuliko unavyodhani.

Kuhusu kabati, kama ni plaiwudi au MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ipige msasa, praima (rangi ya kwanza ya kushikilia), halafu rangi unayotaka. Kama ni mninga halisi, nakusihi usiufunike kwa rangi ya mafuta, kwani mbao hizo ni ghali na hazipatikani kama zamani. Ondoa vanishi ya zamani kwa msasa namba 120, malizia na 240, futa vumbi lote, kisha paka vanishi ya maji isiyong'aa, ambayo haigeuki njano kama ile ya mafuta. Uchungwa utapungua na kahawia ya mti itarudi, karibu na ile mistari ya sakafu yako. Anza na upande wa ndani wa mlango mmoja, uache ukauke vizuri, uusimamishe kati ya kaunta na sakafu, na uutazame kwa mwanga wa dirishani na wa taa kabla fundi hajagusa mwingine.