Shangazi, nilienda mkutanoni mara moja sikurudi tena

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa miaka 38, niko Mombasa. Pombe imenishinda. Nikitoka kazini Ijumaa napitia mangwe, kilabu cha pombe, nyumbani nafika Jumamosi. Siku hizi asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue kwa pombe kidogo. Mwezi uliopita nilienda mkutano wa Alcoholics Anonymous (AA), wale wanaosaidiana kuacha pombe. Ulikuwa ukumbi wa kanisa, Kiingereza kitupu, mwishowe wakashikana mikono wakasali. Mimi ni Mwislamu; nilichomoka kabla ya chai. Je, upo mkutano unaonifaa? Na siri yangu haitafika kwa wazazi wa wanafunzi? – Mwalimu*

Marahaba, Mwalimu.

Tuanze na hiyo mikono. Anayetetemeka mpaka azimue, mwili wake umeshaizoea pombe, na akiikata ghafla unaweza kumgeuka. Jasho, kutetemeka na kukosa usingizi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu tone la mwisho. Degedege laweza kuja ndani ya siku 2. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Kwa hiyo daktari kwanza. Mwambie unachokunywa bila kupunguza hata glasi moja, maana dawa ya kukutuliza hupimwa kwa hilo. Muulize pia kuhusu vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu wengi wamepungukiwa nayo. Usijifungie chumbani ukidhani utastahimili. Ukiwa hujui pa kuanzia, piga 1192, namba isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Sasa hilo la kanisa. AA ilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, kwa Wamarekani Wakristo, na lugha ya hatua zake 12 za kuacha pombe bado ina harufu hiyo; sitakuficha. Lakini sharti la kujiunga ni moja tu, nia ya kuacha kunywa, na hatua ya tatu inamtaja Mungu kadiri kila mtu anavyomfahamu. Kanisa mara nyingi ni mwenye nyumba tu, kikundi kinakodi ukumbi. Wakisali, nyamaza au soma dua yako kimoyomoyo. Nchini Iran, Narcotics Anonymous, ambayo ni ndugu wa AA kwa waraibu wa dawa za kulevya, ina maelfu ya mikutano, na wanaokaa kwenye viti hivyo ni Waislamu. Kama bado moyo unakataa, iko SMART Recovery, isiyo na sala wala hatua 12. Hufundisha mbinu za kushinda tamaa na kubadili mawazo, na ina mikutano mtandaoni.

Kila kikundi cha AA hujiendesha chenyewe, ndiyo maana mkutano mmoja hauwezi kukuonyesha mingine. Jaribu angalau 6, katika vikundi 3 tofauti, kabla ya kusema haikufai. Na usichague ulio karibu na nyumbani. Chagua ulio kwenye saa yako ya kunywa. Mkutano wa Jumapili asubuhi ni mzuri, lakini wewe unaanguka Ijumaa saa 12 jioni. Tafuta wa saa hiyo, ambao njia yake haipiti mangwe.

Ukipiga simu kuulizia mkutano, uliza lugha, kisha uliza kama ni wa wazi au wa kufungwa. Wa wazi huingia yeyote, hata jamaa na wanafunzi wa udaktari. Wa kufungwa ni wa wenye tatizo la pombe peke yao, na kwa hofu uliyo nayo anzia huo. Uliza pia kama ni wa majadiliano au wa msemaji mmoja. Kwa mgeni mimi napendelea majadiliano, na zamu ikikufikia unaruhusiwa kusema, “Leo nasikiliza tu.”

Fika dakika 10 mapema, na safari hii usikimbie chai. Pale kwenye vikombe ndipo watu hupeana namba za simu, na namba hizo ndizo utakazopiga Ijumaa koo likiwasha.

Kuhusu siri, yasemwayo mle hubaki mle, na wengi huilinda kwa sababu wana yao pia. Lakini hiyo ni desturi, haina kiapo cha daktari. Wiki za mwanzo taja jina la kwanza tu, na shule usiitaje kabisa.

Baadaye utahitaji mdhamini, yaani mwanachama wa kukushika mkono katika zile hatua. Awe mwanamume mwenzio, aliyekaa bila pombe zaidi ya mwaka, na usikopeshane naye pesa. Kikapu cha michango kikipita, mgeni halazimiki kutoa. Ukiona wanadai ada ya kuingia, wanauza dawa ya kuacha pombe, au wanakuambia utupe dawa za daktari, ondoka.

Ukikosa kikundi cha Kiswahili karibu nawe, tazama orodha ya aa-intergroup.org, ina mikutano ya mtandaoni mchana na usiku. Zima kamera, na badilisha jina kwenye Zoom kabla ya kuingia, kwa sababu akaunti ya shule itaonyesha jina lako kamili. Angalia saa vizuri: 18:00 ni saa 12 jioni yetu, na ikiandikwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza saa 3.

Shangazi