Mpe Mtoto Pesa Aipangie Mwenyewe

Wazazi wengi tunawafundisha watoto wa shule ya msingi habari za pesa kwa maneno matupu: usichezee hela, weka akiba, pesa ni ngumu. Kwa kulea wanangu hapa Dar es Salaam nimeamini kwamba somo hili halimwingii mtoto hadi ashike pesa ambayo uamuzi wake ni wa kwake, hata ikiwa ndogo, na ajionee kwamba ikiisha, imeisha.

Mwanangu alipoingia darasa la tatu niliacha kumpa shilingi 500 kila asubuhi, nikawa nampa 2,500 ya wiki nzima Jumapili jioni, kwa sarafu za 100 na 200, ili azihesabu na kuzigawa mwenyewe. Mwanzoni hela haikuvuka Jumatano. Yote iliishia kwenye ubuyu na barafu. Kishawishi cha kumwongezea ni kikubwa, hasa bibi akiwa nyumbani, lakini ukiongeza umelifuta somo. Nilichohakikisha ni kwamba chakula chake cha shuleni hakitegemei hela hiyo, kwa sababu hakuna mtoto anayepaswa kufundishwa kwa njaa. Baada ya muda alianza kuzifunga sarafu za kila siku katika kipande chake cha karatasi, bila kuelekezwa na mtu.

Kibubu nacho kinafaa, ilimradi mtoto achague mwenyewe anachokiwekea akiba na kiwe kitu cha karibu, kama mpira ambao bei yake ameiulizia dukani. Mzazi akipungukiwa nauli na kukopa humo, aombe kwanza, kisha arudishe siku aliyoahidi, maana hapo ndipo mtoto anapojifunza deni ni nini.

Wakubwa kidogo, wanaojua kugawanya, nawapeleka gengeni. Fungu la nyanya nne ni 500 na la nyanya tisa ni 1,000: lipi nafuu? Mtoto wa darasa la tano atapata kwamba nyanya moja ni 125 katika fungu dogo na kama 111 katika kubwa. Kisha muulize nyumbani zinapikwa ngapi kabla hazijaoza, kwani rahisi inayotupwa jalalani ni ghali.

Jambo linalonipa wasiwasi zaidi ni pesa ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu Tanzania mwaka 2008, kwa hiyo watoto hawa wamezaliwa wakaikuta. Wanamwona mama akibonyeza namba na luku inaingia, lakini hawaoni pochi ikipungua. Mimi huufungua ujumbe wa muamala na kuusoma pamoja nao: kiasi kilichotumwa, makato, salio lililobaki, kisha wanatoa hesabu kwenye karatasi kuona kama inalingana. Binti yangu alipoona makato ya kutoa pesa kwa wakala aliuliza kwa nini tunatoa kidogo kidogo kila mara, na tangu hapo tunapanga matumizi ya taslimu ya wiki na kutoa mara moja. Namba ya siri, hata hivyo, inabaki ya mzazi.

Akaunti za watoto zipo katika benki kama NMB na CRDB, na ni jambo jema, ila kwa mtoto wa madarasa ya chini ningeanza na sarafu anazoweza kuzipanga mezani.