Wasomaji Wauliza: Kanda za Zamani za Neil Young

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeanza kumsikiliza Neil Young, mkongwe wa muziki wa roki kutoka Kanada, nami nashangazwa na wingi wa albamu za maonyesho yake ya zamani. Kwa nini zilichelewa hivyo kutoka, na nianze na ipi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Anza na onyesho la Massey Hall, Toronto, lililorekodiwa Januari 1971 na kutolewa mwaka 2007. Young yuko peke yake, mara na gitaa lisilo la umeme, mara kwenye piano. Sikiliza “Heart of Gold”: wimbo uliokuja kuvuma kwa gitaa na harmonika katika albamu ya Harvest ya mwaka 1972, hapa ni kipande kifupi cha piano kilichoshonwa ndani ya wimbo mwingine, na hakuna anayeushangilia unapoanza, kwa kuwa watu hawajaujua bado. Mtayarishaji wake, David Briggs, alitaka onyesho hilo litolewe wakati uleule, lakini Young, ambaye mawazo yake yalikwishahamia kwenye Harvest, hakukubali, na kanda zikawekwa kando. Kwa maoni yangu, Briggs alikuwa na hoja.

Ukipenda magitaa ya umeme, tafuta onyesho la Fillmore East, New York, la Machi 1970, lililotolewa mwaka 2006. Humo Young na Danny Whitten wa bendi ya Crazy Horse, aliyefariki mwaka 1972, wanajibizana kwa magitaa katika “Cowgirl in the Sand” kwa takriban dakika 16.